Utatuzi wa matatizo: grafu ya usumaku wa chumvi za shaba inapogoma kwenye baridi kali

Mwongozo huu ni wa mtu aliye na chumvi ya shaba mkononi, ambaye amekwisha kupima usumakikaji wake (χ) kuanzia joto la chumba kwenda chini, na grafu imekataa kukaa alivyotarajia. Uwe kwenye maabara ya Chiromo, uwe Kahawa, hapa Nairobi, ama sampuli yako imepimwa ng'ambo ukaletewa faili la namba tu, dalili ni zile zile na vyanzo vyake ni vichache. Vingi havihusiani na baridi yenyewe. Huanzia mezani, kwenye mizani na kwenye chombo cha kukaushia, halafu hujitokeza pale 5 K ambako hakuna kosa dogo.

Tukubaliane desturi moja kwanza. Spini ni sumaku ndogo ya elektroni, na T ni joto kwa kelvini (K). J ni nguvu ya kiungo kimoja kati ya spini mbili jirani, imeandikwa kwa kelvini, na ni chanya pale spini zinapotaka kuelekea pande zinazopingana. χ ni kwa moli moja ya shaba, kwa cm³/mol.

Grafu yenye afya

Ioni ya shaba ya +2 ina elektroni tisa kwenye ganda la d, basi moja hukosa mwenzake na kubaki spini ya ½. Spini zikiwa huru kabisa, χT (χ mara T) haibadiliki na joto: ni 0.375 kwa g ya 2.00 (g ni namba inayoonyesha ukubwa wa sumaku ya spini), na kwa shaba halisi, ambayo g yake ya wastani kwa kawaida ni 2.1 hadi 2.2, huwa 0.41 hadi 0.45. Spini zikishikana kinyume katika mnyororo, χ hupanda kadiri unavyopoza, hufika kilele kipana kama nundu, kisha hushuka bila kufika sifuri. Bonner na Fisher walikokotoa umbo hilo mwaka 1964. Kilele hukaa kwenye T = 0.641J, na joto likikaribia sifuri χ hubaki na karibu asilimia 69 ya kimo cha kilele. Spini zikiwa jozi jozi, kama Bleaney na Bowers walivyoeleza mwaka 1952 kwa asetati ya shaba, kilele hukaa kwenye 0.624J lakini χ huporomoka hadi sifuri, kwa kuwa hali ya chini kabisa ya jozi haina usumaku wowote.

Nundu si alama ya mpito. Ni spini jirani tu zinazoanza kufuatana kwa umbali mfupi. Mnyororo ulio peke yake haujipangi hata kwenye 0 K. Mpangilio kamili huletwa na viungo dhaifu kati ya mnyororo mmoja na mwingine. Katika chumvi ya nitrati ya shaba na pirazini, Cu(C4H4N2)(NO3)2, J ni takriban 10.5 K, nundu iko kati ya 6.5 na 7 K, na mpangilio hauji mpaka 0.107 K. Ukiona kona kali kwenye 5 K katika chumvi hiyo, usishangilie mpito mpya. Tafuta kosa.

Dalili: nundu haionekani kabisa

Swali la kwanza ni kama ulifika chini vya kutosha. Mwenye nitrojeni kimiminika pekee hawezi kuona nundu ya chumvi ya pirazini, hata mizani yake iwe bora kiasi gani. Kwa mnyororo, θ ya Curie–Weiss (thabiti ya joto katika kanuni ya joto la juu, χ = C/(T − θ)) ni −J/2, yaani karibu −5 K hapa. Kwenye joto la nitrojeni χT itakuwa imepungua kwa asilimia 6 au 7 tu, jambo ambalo mizani ya Gouy (inayopima uzito wa sampuli unavyobadilika ndani ya uga wa sumaku) yenye kosa la asilimia 2 italiona kwa shida. Kwa maabara ya namna hiyo, chagua asetati ya shaba, Cu(CH3COO)2·H2O. Jozi yake ina J ya takriban 410 K, nundu iko karibu na 255 K, na χ kwa shaba moja hushuka kutoka takriban 0.0009 kwenye kilele hadi chini ya 0.0002 kwenye nitrojeni. Badiliko kubwa namna hiyo linapimika bila heliamu.

Hapa Nairobi kuna jambo ambalo vitabu vya huko ng'ambo havilitaji. Jiji liko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 82 au 83 badala ya 101. Nitrojeni iliyo wazi kwenye dewa (chupa ya kutunzia baridi) haichemki kwenye 77.4 K, inachemka karibu na 75.6 K. Heliamu iliyo wazi huchemka karibu na 4.0 K, si 4.2 K. Mtu anayesahihisha kipimajoto chake kwa kukitumbukiza kwenye nitrojeni na kuandika 77.4 anajipachika kosa la asilimia 2 na zaidi kwenye kila χT ya eneo hilo. Soma baromita ya siku hiyo, kisha tafuta joto la kuchemka kwenye jedwali la shinikizo la mvuke. Ukivuta mvuke wa nitrojeni kwa pampu unaweza kushuka hadi karibu 63 K kabla haijaganda, na hiyo ni nafasi ya bure ya kuongeza nukta chache.

Swali la pili ni kama chumvi yenyewe ina nundu ndani ya eneo lako. Salfeti ya shaba, CuSO4·5H2O, huwapoteza wengi. Ina shaba za aina mbili: nusu moja imo ndani ya minyororo yenye J ya takriban 2.9 K, nusu nyingine iko karibu huru. Nundu ya minyororo ingekuwa chini ya 2 K, na hata hapo spini huru za nusu ya pili huifunika. Ukipima hadi 2 K na ukaona χ inapanda tu, kifaa chako ni kizima na sampuli yako ni safi.

Sababu ya tatu iko kwenye muundo. Ukitazama picha ya fuwele na kuona shaba zimepangwa mstari, usidhani usumaku unapita humo. Shaba ya +2 hurefusha viungo viwili kati ya sita kwa athari ya Jahn–Teller, na elektroni isiyo na mwenza hukaa kwenye obiti inayoelekea vile vinne vifupi. Ligandi, yaani molekuli au ioni iliyoshikana na shaba, iliyokaa kwenye kiungo kirefu, cha Å 2.3 au zaidi, hupitisha usumaku kidogo sana. Pima urefu wa kila kiungo cha Cu–O au Cu–N kwenye faili la muundo kabla ya kuchagua modeli. Kinyume chake pia hutokea: KCuF3 ina fuwele inayokaribia mchemraba, ungesema ni ya pande tatu, lakini kwa jinsi obiti zake zilivyopangwa usumaku wake ni wa mnyororo, J karibu 390 K, huku mpangilio kamili ukija 39 K.

Dalili: χT ya joto la chumba haiko mahali pake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, maana kipimo cha 300 K hakigharimu heliamu. Chumvi yenye J ndogo inatakiwa kutoa χT kati ya 0.40 na 0.46. Asetati, ambayo jozi zake zimekwisha kushikana hata kwenye joto la chumba, hutoa takriban 0.25 kwa shaba moja. Ukipata 0.50 au 0.35 kwa chumvi ya pirazini, usiendelee kushuka.

Anza na maji ya fuwele. Chupa ya nitrati ya shaba inaweza kuwa na maji 2.5 (232.6 g/mol) au 3 (241.6 g/mol), na tofauti ni asilimia 4. Nitrati hiyo hunyonya unyevu, na miezi ya Juni na Julai, mvua nyepesi na mawingu vinapokaa juu ya jiji, chupa iliyofunguliwa mara kwa mara huwa imelowa kuta zake. Asetati iliyokaushwa kwenye oveni kupita 100 °C hupoteza maji yake, sawa na asilimia 9 ya uzito, na rangi yake haikupi onyo la maana. Salfeti angalau hukuonyesha, maana buluu yake hufifia ikawa nyeupe.

Kwa chumvi ya pirazini, njia isiyo na shida ni kuyeyusha gramu 2.33 za Cu(NO3)2·2.5H2O katika mililita 10 za maji yaliyochujwa ioni, na gramu 0.80 za pirazini katika mililita 10 nyingine, kisha kuchanganya na kuacha maji yapungue polepole kwenye bika iliyofunikwa karatasi ya chujio. Fuwele ni sindano za buluu iliyokolea. Usichemshe ili kuharakisha. Pirazini hupotea na mvuke, uwiano wa moja kwa moja huvurugika, na myeyusho uliopungukiwa na asidi huweza kuangusha unga wa kijani-buluu wa nitrati yenye hidroksidi, ambao una usumaku wake mwingine kabisa. Katika msimu wa baridi weka bika ndani ya desiketa yenye silika. Nje yake itachukua muda mrefu. Uchambuzi wa elementi unatakiwa kutoa kaboni asilimia 17.95, hidrojeni 1.51 na nitrojeni 20.93. Kaboni ikishuka chini ya 17.5, rudia kuotesha fuwele kabla ya kupima lolote.

Kisha angalia masahihisho. Usumaku hasi wa elektroni zilizokamilika hutolewa kwa thabiti za Pascal: kwa chumvi hii Cu²⁺ ni −11, nitrati mbili ni −38 na pirazini ni takriban −38, jumla −87, zote mara 10⁻⁶ cm³/mol. Kanuni ya haraka ya kuchukua nusu ya uzito wa moli ingekupa −134, yaani kupita kiasi kwa nusu nzima. Kwa χ ya 0.0014 kwenye 300 K, tofauti hiyo ni zaidi ya asilimia 3. Mtu aliyekosea alama, akatoa badala ya kujumlisha, amekosea asilimia 12. Kwenye modeli ongeza pia usumaku usiotegemea joto, ambao kwa shaba huchukuliwa kuwa takriban 60 × 10⁻⁶. Namna ya kutambua kosa la aina hii ni rahisi: chora χT dhidi ya T. Ikiwa juu ya 150 K inapanda au kushuka kwa mstari mnyoofu, bila kujipinda, hiyo si nguvu ya J. Ni thabiti isiyo sahihi iliyozidishwa na T.

Kapsuli nayo ni sumaku hasi. Kapsuli tupu za jelatini za duka la dawa zinafaa, lakini pima moja tupu kutoka pakiti ile ile, kwa joto lote lile, na uitoe. Rangi za kapsuli nyingine huwa na oksaidi ya chuma, kwa hiyo chukua zilizo wazi zisizo na rangi. Mrija wa kushikia uwe wa plastiki angavu, usio na mistari. Wa karatasi hunyonya unyevu na kuutoa ndani ya chemba.

Kuna kosa jingine linalojificha kwa sababu linatoa namba nzuri. Sindano ndogo zilizolegea hugeuka zenyewe ndani ya uga mkubwa. Shaba yenye g ya 2.30 upande mmoja na 2.07 pande mbili zilizobaki ina wastani wa unga wa 2.15. Fuwele zote zikijipanga kufuata uga kwa upande wa g kubwa, χ itakuwa juu kwa takriban asilimia 14. Dalili yake ni χT inayoruka ghafla unapoongeza uga. Zishike kwa grisi ya kriojeni au kwa eikosani, nta inayoyeyuka karibu na 37 °C, kisha toa mchango wake kwa uzito.

Dalili: chini ya nundu, mkia unapanda tena

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayohitaji uamuzi wa makini. χ imeshuka vizuri kutoka kileleni, halafu chini ya 10 K inageuka na kupanda kama 1/T.

Chanzo cha kwanza ni spini zilizoachwa bila mwenza: molekuli ya shaba iliyo peke yake, ncha ya mnyororo uliokatika, uso wa fuwele uliopoteza maji. Uzito wake hutegemea ukubwa wa J. Asilimia 1 ya uchafu ndani ya asetati hutoa, kwenye 5 K, χ ya 0.00087, na hiyo ni sawa na kilele kizima cha 255 K. Kwenye 2 K ni mara mbili na nusu ya kilele. Ndani ya chumvi ya pirazini, asilimia ile ile kwenye 2 K hutoa 0.002 juu ya kilele cha takriban 0.023, na karibu huioni. Kwa hiyo mkia mkubwa kwenye jozi zenye J kubwa si aibu. Mkia kama huo kwenye mnyororo wa J ndogo ni habari mbaya sana.

Mara nyingi mkia huo hutengenezwa kwenye kinu. Kusaga kwa nguvu hukata minyororo na kupasha unga joto. Ponda kwa upole kwenye kinu cha akiki, au usiponde kabisa, shika fuwele nzima kwa grisi. Ukitaka kujua kama ni kusaga, gawa fuwele za bika moja mafungu mawili, moja saga, jingine acha, uyapime yote. Mkia ukitofautiana, umepata jibu.

Unapooanisha data na modeli, andika χ = (1 − ρ)χ ya modeli + ρC/T + 60 × 10⁻⁶, ambamo ρ ni sehemu ya spini huru na C ni χT ya spini huru, na uache ρ itafutwe. Uga uwe mdogo. Kwenye 2 K na tesla 1, spini huru imeanza kujaa na mchango wake umepungua kwa asilimia 4 kutoka kwa 1/T. Kwenye tesla 5 umepungua kwa karibu nusu. Anayepima kwa tesla 5 na kutumia C/T atapata ρ ndogo kuliko ilivyo, na J itasukumwa ili kufidia. Oersted 1,000 zinatosha, mradi sumaku imeondolewa mabaki ya uga wa awali kwa kushushwa kwa kuyumba, yaani uga ukigeuzwa alama huku ukipungua. Sumaku ya superkondakta huweza kubaki na makumi ya oersted, na mtu anayepima kwa oersted 100 amepata kosa la makumi ya asilimia bila kujua.

Chanzo cha pili si uchafu, na kukiita uchafu ni kutupa fizikia yenyewe. Katika minyororo ambamo shaba jirani zimeinama pande tofauti, kila moja na mwelekeo wake wa g, uga wa nje huzalisha uga wa ndani unaobadilishana alama kutoka spini moja hadi inayofuata. Benzoati ya shaba, Cu(C6H5COO)2·3H2O, yenye J ya takriban 18 K, ndiyo mfano unaojulikana. Mkia wake hutegemea mwelekeo wa fuwele ndani ya uga. Namna ya kuvitenganisha vyanzo hivi viwili ni hii: otesha fuwele upya mara moja au mbili. Uchafu hupungua au angalau hubadilika kutoka bika hadi bika. Mkia wa asili haubadiliki, na ukigeuza fuwele moja kubwa kutoka mhimili hadi mhimili unaongezeka na kupungua kwa kiasi ambacho g peke yake haiwezi kueleza.

Dalili: nundu ipo, lakini ni ya nini?

Mahali pa kilele hapakuambii kitu: 0.641J na 0.624J haviwezi kutofautishwa kwa macho. Zidisha χ ya kilele kwa T ya kilele. Kwa mnyororo jibu ni 0.0353g², kwa jozi ni 0.047g². Kwa g ya 2.1 hiyo ni 0.156 dhidi ya 0.208, pengo ambalo hata kipimo cha wastani hulionyesha. Ukipata katikati, fikiria mnyororo wenye viungo vya kupokezana, kimoja kikali kimoja dhaifu, kama ilivyo kwenye nitrati ya shaba yenye maji 2.5, ambayo kiungo chake kikali ni takriban 5.2 K na dhaifu karibu robo yake.

Jaribio hilo halitenganishi mnyororo na bapa la mraba, yaani tabaka ambamo spini zimepangwa kama vyumba vya mraba. Bapa hutoa takriban 0.033g², karibu sana na mnyororo, lakini kilele chake kiko kwenye 0.935J. Hapo itabidi utumie muundo wa fuwele na joto maalumu. Bapa hujipanga mapema zaidi: Cu(pz)2(ClO4)2, ambamo pz ni pirazini, ina J ya takriban 17.5 K na hujipanga karibu na 4.2 K, robo ya J, wakati mnyororo wa nitrati ulisubiri hadi sehemu ya mia ya J yake.

Kwa kuoanisha, fomula mbili hizi zinatosha kazi nyingi, zote kwa desturi ya J tuliyoanza nayo. Jozi: χ = (0.375g²/T) ÷ (3 + e^(J/T)). Mnyororo, x ikiwa J/T: χ = (0.375g²/T) × (0.25 + 0.074975x + 0.075235x²) ÷ (1 + 0.9931x + 0.172135x² + 0.757825x³). Usiziachie g, J, ρ na usumaku usiotegemea joto zote zitafutwe kwa pamoja. g na ρ husaidiana kuficha modeli mbaya. Pata g kutoka kwa EPR (kipimo cha mwitikio wa spini kwa mawimbi ya mikro ndani ya uga) au kutoka χT ya joto la juu, ifunge, kisha endelea.

Dalili: J yako ni nusu au maradufu ya iliyochapishwa

Hakuna kilichoharibika. Waandishi wengine huweka 2J mbele ya kila kiungo, wengine J, wengine hugeuza alama. Linganisha T ya kilele, ambayo haijui desturi ya mtu yeyote.

Dalili: kigongo kati ya 40 na 60 K

Ni oksijeni. Huganda kwenye 54 K, hubadili umbo la fuwele karibu na 44 K, nayo ina usumaku. Alama yake ni kwamba kigongo hubadilika kimo kutoka kipimo hadi kipimo na hakifanani ukishuka na ukipanda. Toboa kapsuli kwa sindano, kisha osha chemba kwa heliamu mara tatu.

Ila dawa hiyo huua chumvi zenye maji. Kuvuta hewa kwenye 300 K huondoa pia maji ya fuwele, na salfeti au nitrati ya shaba iliyokaa kwenye ombwe nusu saa si ile uliyoipima kwenye mizani. Ukilazimika, osha kwa mizunguko mifupi ya sekunde chache, poza sampuli hadi 250 K ndipo uvute kwa muda mrefu. Njia bora ni kuifunga sampuli ndani ya bomba la kwatsi chini ya heliamu kidogo, bila kutoboa chochote. Pima uzito tena baada ya kipimo. Ikiwa miligramu 30 zimerudi 28.5, tupa data ile.

Dalili: χT inapanda unapopoza

Kwanza ondoa chuma. Pima usumaku dhidi ya uga kwenye 300 K. Mstari unatakiwa kupita kwenye sifuri. Ukikata mhimili juu, kuna vumbi la feromagnetiki, mara nyingi kutoka kwenye spatula ya chuma iliyokwaruza kinu. Tumia ya plastiki. Data iliyokwisha kuchukuliwa inaweza kuokolewa kwa kuchora χ dhidi ya 1/H na kusoma inapokata mhimili.

Kama mstari ni safi, huenda spini zako kweli zinataka kuelekea upande mmoja. Kwa jozi zilizounganishwa na hidroksidi mbili, Hatfield na Hodgson walionyesha mwaka 1976 kwamba pembe ya Cu–O–Cu ndiyo inayoamua: juu ya takriban 97.5° spini hupingana, chini yake hufuatana. Soma pembe kwenye muundo wako kabla ya kubishana na kifaa.

Dalili: grafu ya kushuka na ya kupanda hazilaliani

Kwa mnyororo wa shaba, mara nyingi ni joto tu lisilofika kwenye sampuli. Grisi nyingi na kapsuli nene huchelewesha sampuli nyuma ya kipimajoto. Chini ya 20 K shuka kwa 0.5 K kwa dakika au simama kwenye kila nukta hadi usomaji utulie. Stima ikipotea katikati ya mteremko na kompresa ikasimama, usiunganishe vipande viwili vya data kana kwamba ni kimoja: rudi juu ya nukta ya mwisho iliyo salama kwa angalau 10 K, subiri utulivu, ushuke tena, na vipande vikutane kwa nukta kadhaa zinazofanana.

Dalili: sampuli iliondoka nzuri, data ikarudi mbaya

Kabla ya kutuma nje ya nchi, funga sampuli kwenye ampuli ya kioo iliyoyeyushwa mdomo, si kwenye chupa ya kifuniko cha skrubu. Tuma fuwele nzima, miligramu 50 au zaidi, ili wapimaji wachague wenyewe. Andika kwenye lebo fomula kamili pamoja na maji yake, uzito wa moli, uga unaoutaka, kiwango cha kupoza, na onyo kwamba isivutwe hewa juu ya 250 K. Omba faili ghafi la usumaku kwa emu (kizio cha usumaku) pamoja na kipimo cha kapsuli tupu, si χ iliyokwisha sahihishwa. Baki na nusu ya fuwele za bika ile ile, kwenye desiketa. Data ikirudi na χT ya 300 K iliyo nje ya 0.40 hadi 0.46, ipime hiyo nusu kwenye mizani ya hapa kwanza: zikipishana, maji yamepotea njiani au wameweka uzito usio sahihi, na zikikubaliana, kosa liko kwenye bika yako.